Tram 83: Ni Kitabu Kichafu, au ni Mji?

Wapendwa vijana, wako watu wazima katika parokia zetu wanaowaonya msisome Tram 83, riwaya aliyoitoa mwaka 2014 Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi anayeishi Graz, Austria. Wasema ni kitabu cha matusi na uasherati. Wengi wao hawajakifungua.

Mimi nimekisoma, nami nasema wanakosea. Lugha yake ni kali, kweli. Sisemi wapewe watoto wa komunyo ya kwanza. Baa iliyokipa kitabu jina imejaa ulevi, na wasichana wadogo wanajiuza humo kwa wachimbaji, wanafunzi na wageni waliofuata madini. Mji wenyewe hautajwi jina, lakini ni nani kati yetu asiyeutambua? Kijana anayeacha masomo ashuke shimoni kutafuta mawe, mwandishi hakumbuni. Yupo Kolwezi, yupo Kambove, na huenda dada yake anaimba nawe katika kwaya.

Basi kwa nini hasira yetu imwangukie aliyeandika, iwapite wanaowanunua wasichana hao? Nabii Hosea aliamriwa kuoa kahaba ili Israeli ijione. Ezekieli, katika sura ya 23, asema mambo ambayo msomaji yeyote wa misa angeona haya kuyatamka mbele ya mama yake. Je, nao tuwafungie kabatini?

Wakatoliki waliotutangulia walikuwa na moyo mkuu kuliko sisi. V.Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, aliyeishi utawani kwa Wabenediktini kabla ya kufundisha katika chuo kikuu hapa Lubumbashi, alitoa mwaka 1973 Entre les eaux, riwaya ya padri anayejiunga na waasi. Mwaka 1975 ilipewa Tuzo Kuu ya Kikatoliki ya Fasihi huko Ufaransa.

Lawama ninayoikubali ni nyingine. Wanaume wawili wa Tram 83, Lucien na Requiem, wana historia na mawazo. Wasichana wana neno lile lile la kumwita mteja, ukurasa baada ya ukurasa. Wametoka nyumba gani? Wanaogopa nini? Rahabu wa Yeriko, naye kahaba, Biblia yampa jina, tena baba na mama anaotaka kuwaokoa. Hapo Mwanza Mujila ana deni. Kisomeni katika kikundi, wavulana na wasichana pamoja, na juu ya deni hilo waanze kusema wasichana.