Mnyang'anye Funguo Kabla ya Kumlaani



Kabla hujaandika hapo chini "apigwe viboko mia" ama "afungwe maisha", nipe dakika tano. Soma mpaka mwisho, halafu unitukane ukitaka.

Niko Kiptere. Kwa wale hamjui, ni senta ndogo kwenye barabara ya kutoka Kapsoit kuelekea Sondu, kaunti ya Kericho. Huku juu ni majani chai, na barabarani ni Probox zinazobeba watu tisa mahali pa watano. Waislamu hapa tuko wachache, na kwa sababu tuko wachache tumezoea kusema hii mambo ya pombe si yetu. Nitarudi hapo.

Kuna dereva mmoja wa Probox hapa, jina lake silitaji. Namjua tangu nikiwa darasa la sita. Mara ya kwanza kushikwa akiwa amelewa, mambo yaliishia palepale kwenye kizuizi, kwa noti iliyokunjwa. Mara ya pili alifikishwa kortini. Wenzake wa steji wakapitisha mchango, faini ikalipwa mchana, jioni akawa barabarani na abiria. Mara ya tatu mchango ulichelewa, akakaa ndani wiki mbili. Alitoka mikono ikitetemeka, akaenda moja kwa moja kwa mama wa chang'aa ili atulie.

Mara ya nne alimgonga mama aliyekuwa anarudi kutoka kupeleka majani kituoni, na kikapu kitupu mgongoni. Hakufika hospitali.

Sasa sikiliza kitu ambacho sijawahi kukisema hadharani. Ule mchango wa mara ya pili, mimi nilitoa mia mbili. Nilijiambia ni kumsaidia jirani, ana watoto. Na kwenye mazishi ya yule mama, kikapu cha sadaka kilipopita, nikatoa mia mbili nyingine. Pesa ileile, mkono uleule: ya kwanza ilimrudisha mlevi kwenye usukani, ya pili ikanunua misumari ya jeneza. Ndio maana naandika.

Mko na hasira, na ni haki yenu. Watu zaidi ya 4,000 wanakufa kwenye barabara za Kenya kila mwaka, na kundi kubwa kabisa ni wale wanaotembea kwa miguu. Si wenye magari. Ni mama wa kikapu, ni mtoto wa shule. Lakini hasira isiyojua inapiga nani humpiga aliye karibu, na aliye karibu siku zote ni maskini.

Tutenganishe mambo mawili ambayo tunayachanganya kila mara. Kunywa pombe, kwetu sisi, ni dhambi. Hiyo ni kati ya mja na Mola wake, na mlango wa toba uko wazi. Kushika usukani ukiwa umelewa ni dhulma. Hiyo ni haki ya binadamu mwingine, na haki ya binadamu haifutwi kwa istighfar peke yake. Ukimhurumia mlevi, usimhurumie akiwa na funguo mkononi. Na ukimchukia dereva, usisahau kwamba ndani yake kuna mgonjwa.

Najua neno "mgonjwa" limekuudhi. Utaniambia, "Si alikunywa mwenyewe?" Ndiyo, glasi ya kwanza alikunywa mwenyewe. Lakini mlevi sugu mwili wake umeshafungwa. Akikatiwa pombe ghafla anatetemeka, anaona vitu ambavyo haviko, anaweza kupata kifafa, anaweza hata kufa kama hakuna daktari. Ile mikono niliyoiona ikitetemeka haikuwa maigizo. Tulimweka ndani wiki mbili bila matibabu, tukamtoa na kiu kali kuliko aliyoingia nayo, halafu tukashangaa kwa nini amerudia.

Hapo ndipo mfumo wetu umeoza. Faini haimtibu mlevi na haimwondoi dereva barabarani. Ni nauli tu. Mwenye gari kubwa anailipa kwa simu kabla hakimu hajafunga faili, anaendesha mwenyewe kwenda nyumbani. Wa bodaboda akikosa, anaingia jela kwa kosa lilelile na kiwango kilekile cha pombe. Sheria imewaona sawa, mifuko yao haiko sawa. Kule Ufini faini huhesabiwa kulingana na kipato cha mtu, ndio tajiri naye aisikie. Hapa kwetu tajiri anaisikia kama kuumwa na mbu.

Wengine mtasema suluhisho ni ukali: kila mtu apigwe Alcoblow, anayepatikana akamatwe, basi. Mimi nataka Alcoblow barabarani. Lakini kumbukeni, mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilifuta kanuni za Alcoblow za 2011 kwa sababu zilipingana na Sheria ya Trafiki yenyewe. Ukali wa mbiombio bila sheria iliyonyooka huanguka kortini, na anayefurahi ni yule yule mlevi. Na ukali unaoishia kwenye noti iliyokunjwa si ukali. Kwa hesabu ya Kiptere, hongo ya mara ya kwanza ndiyo iliyozaa kifo cha mara ya nne.

Na wako watakaoniletea dini. Karibuni, tuzungumze dini.

Kwenye Sahihi Bukhari kuna kisa cha sahaba aliyeitwa Abdullah, jina lake la utani Himar, mtu aliyekuwa akimchekesha Mtume (s.a.w.). Alikuwa akinywa. Aliletwa zaidi ya mara moja, na akaadhibiwa. Siku moja mtu akamlaani, kwamba huyu analetwa mara ngapi! Mtume akamkataza kumlaani, akashuhudia kwamba mtu huyo anampenda Allah na Mtume Wake. Angalia vizuri. Hakusema asiadhibiwe. Adhabu ilipita. Lakini hakuruhusu adhabu igeuke kumfukuza mtu kwenye jamaa yake. Na ukinitajia ile riwaya ya kuuawa mara ya nne, ndugu yangu, waulize mashekhe wako kwanza: wanazuoni walio wengi wamesema hukumu ile iliondolewa. Hata katika kurudiarudia, mlango haukufungwa.

Wala tusijifanye kwamba pombe ni ya majirani zetu Wakristo. Enzi za mkoloni, chang'aa ya Kibra ilikuwa ikiitwa jini ya Wanubi, na Wanubi ni nani kama si babu zetu Waislamu? Mpaka leo kuna vijana wetu wanaovua kofia kabla ya kuingia kwa mama pima na kuivaa tena wakitoka. Tunawajua. Tunanyamaza ili msikiti usiaibike. Ule unyamavu ni mchango pia, kama mia mbili yangu.

Na msiniambie haiwezekani kumtibu mraibu. Ndugu zetu wa Pwani wameonyesha njia kwa heroini. Tangu 2015 hospitali ya Malindi inatoa methadoni kwa waraibu, na MEWA, shirika la Kiislamu la Mombasa, limekuwa likiwapokea waraibu kwenye kituo chake wakati wengi walikuwa wanawaita mateja na kuwapita. Kijana wa unga anapewa dawa. Mlevi wa majani chai anapewa seli. Tofauti ni nini? Ni kwamba ulevi tumeuzoea. Bonasi ya majani chai ikiingia mwezi wa Oktoba, mtu akilala mtaroni tunacheka, tunapiga picha, tunarusha kwenye status.

Basi adhabu ya haki kwa anayerudia ni ipi? Nasema hivi.

Kosa la kwanza: faini inayolingana na kipato chake, na leseni isimamishwe. Mtu wa steji asichangiwe faini. Kama mnataka kuchanga, wachangieni watoto wake unga.

Kosa la pili: leseni iondoke kabisa mpaka daktari athibitishe. Kurudia ni dalili, na dalili hupelekwa kwa daktari. Tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998, tuna maafisa wa probesheni. Hakimu anaweza kutumia njia hizo badala ya kumrundika mtu jela, na matibabu yawe sharti, si ombi. Majimbo mengi ya Marekani hufunga kifaa kwenye gari la aliyehukumiwa. Asipopuliza pumzi safi, gari haliwaki.

Kosa la tatu, baada ya kupewa matibabu akayakataa: jela, na ndani ya jela kuwe na daktari. Hapo sina huruma tena, kwa sababu alinyooshewa mkono akautemea mate.

Na akiua: Sheria ya Trafiki inasema kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari ni kifungo kisichozidi miaka 10. Ifuatwe, awe wa Probox au wa V8. Na familia isikubali kumalizana kwa ng'ombe mmoja na jeneza. Kila gari linalazimishwa na sheria kuwa na bima ya watu wengine. Hiyo ni haki ya yatima, na kula haki ya yatima tunajua ni moto.

Lakini matibabu yako wapi huku kwetu? Hapo ndipo kelele zetu ziende. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila Mkenya haki ya afya ya kiwango cha juu. Hakikusema isipokuwa mlevi. Umpigie mwakilishi wadi wako simu umuulize: mtu wa Kiptere akitaka kuacha pombe kesho asubuhi, aende mlango gani? Akishindwa kujibu, muulize tena wiki ijayo.

Na wewe unayesoma, kazi yako ya leo ni ndogo. Ukiona dereva amelewa, shuka. Kama ni kaka yako, chukua funguo. Atakutukana, vumilia. Usimpe chai ya rangi eti pombe itoke. Ini lina kasi yake na halibembelezwi na majani ya Kericho. Inatoka kwa masaa, basi alale.

Watoto wa yule mama wako watatu. Mkubwa sasa ndiye anachuma majani. Nikipita ananisalimia vizuri tu, "Kaka, habari", hajui kuhusu mia mbili yangu. Nitamwambia, insha'Allah, kabla ya Ramadhani.

Wewe pia angalia ulichanga wapi.

Wassalaamu alaykum.