Fidia ilishalipwa, huyu anadai nini tena?

Hivi jamani, neno "kukomboa" tunalielewa? Ukiweka redio yako rehani, siku ukilipa deni unaichukua na kwenda zako. Umeikomboa. Yule jamaa akikufuata kesho kudai tena, utamwita tapeli.

Sasa niambieni, kwa nini mtu huyohuyo, mjanja wa mjini, Jumapili anakubali kulipia upya roho yake?

Mafundisho ya Kikristo hapa hayana kona. Marko 10:45 inasema Yesu alikuja kutoa uhai wake uwe fidia. Neno la Kigiriki lililotumika ni lutron, yaani malipo ya kumtoa mtumwa au mateka. Waraka wa kwanza wa Petro unaongeza kuwa malipo hayo hayakuwa fedha wala dhahabu.

Pwani yetu inalijua jambo hili bila kamusi. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 walikomboa watumwa kwa kuwanunua, wengi wao watoto. Mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa, na Waanglikana wakajenga kanisa palepale Mkunazini. Bei ikishalipwa, muuzaji hana dai tena. Ndiyo maana ya ukombozi.

Leo? Maji ya chupa yana bei. Mafuta yana bei. Laana ya babu nayo ina bei yake ya kuvunjwa. Februari 1, 2020, watu 20 walikufa Moshi, uwanja wa Majengo, katika msongamano wa kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Siwacheki marehemu hata kidogo. Ninachouliza ni hiki: nani aliwafundisha kwamba msalaba peke yake haujatosha?

Najua nitaambiwa kanisa haliendeshwi kwa maombi tu, na mchungaji naye anakula. Sawa kabisa. Toa sadaka, umeme ulipwe, mjane asaidiwe. Lakini shukrani hutolewa na mtu huru. Anayetoa kwa kuogopa laana analipa deni, na kama deni bado lipo, basi hajakombolewa.

Mhubiri achague moja. Ama fidia ilitosha, aache kutoza watu. Ama haikutosha, basi autoe ule msalaba ukutani, atundike orodha ya bei.