Tugeuze Pakiti Nyuma

Ndugu zangu, tukifika dukani kwa Mangi tunauliza bei, wachache wetu tunatazama tarehe ya kuisha muda, kisha tunalipa. Nyuma ya pakiti hatuangalii. Naomba tuanze kuangalia, na tuangalie pamoja.

Juzi niligeuza chupa ya juisi niliyokuwa nikimfungashia mwanangu kila siku ya shule. Mbele kuna picha ya embe lililoiva vizuri. Nyuma, kwa herufi za kukodolea macho: sukari gramu 12 kwa kila mililita 100. Nikaona ni kidogo, mpaka nilipokumbuka kwamba chupa nzima ni mililita 500. Hizo ni gramu 60. Kijiko cha chai hubeba kama gramu 4, kwa hiyo mtoto alikuwa anakunywa vijiko 15. Chai ya namna hiyo nisingemkorogea hata siku moja! Shirika la Afya Duniani linashauri hata mtu mzima abaki chini ya gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana 25.

Kwa hiyo kwanza tazama kipimo. Halafu viambato: kinachotajwa mwanzo ndicho kingi. Maji na sukari vikitangulia, embe likawa mkiani, umenunua maji ya sukari. Chumvi mara nyingi huandikwa sodiamu, nawe zidisha kwa mbili na nusu. Tambi za pakiti zenye miligramu 800 za sodiamu zina gramu 2 za chumvi, na kwa siku nzima tunashauriwa tusifikishe 5. Wenye wagonjwa wa presha nyumbani, anzeni hapo.

Ila maandishi hayo mara nyingi ni ya Kiingereza; mama yangu hasomi Kiingereza, na wako wengi kama yeye. Nchini Chile, tangu 2016, chakula kilichozidisha sukari au chumvi hubandikwa mbele alama nyeusi ya pembe nane; hata mtoto anaiona. Nasi tudai onyo mbele ya pakiti, maelezo ya Kiswahili na herufi zinazosomeka. Kwenye vikoba na vikao vya wazazi, kila mmoja aje na pakiti tupu, asiyeweza asomewe. Isiyosomeka tuipige picha, tumpigie mtengenezaji, tuwaandikie TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula.

Kikoba chetu kinaanza Jumapili hii. Nitakuja na ile chupa, kilo ya sukari na kijiko.