Mchezo wa Wazungu, Gunia la Babu

Kila nikitoka Kitale saa kumi na moja alfajiri, helmeti kichwani, lazima nisikie: "Buda, pikipiki imekushinda bei?" Mama mmoja wa mboga pale Kiminini aliniuliza kwa huruma kabisa: "Mwanangu, uliacha chuo ukuje kucheza na baiskeli?"

Ndiyo, Mama. Najiandaa kwa mbio za baiskeli za siku nne, na hizi kejeli zinanichosha kuliko mlima.

Mbio za hatua ni hivi: leo unaendesha kilomita mia na zaidi juu ya mawe na vumbi, unalala hemani, kesho unaanza tena, na muda wa siku zote unajumlishwa. Kwa hivyo mazoezi yangu ni kujifunza kuamka nikiwa bado nimechoka. Jumamosi nateremka Kitale hadi Webuye, halafu Bungoma. Raha tupu. Jumapili narudi, mita mia tano hivi za kupanda, na miguu inalipa deni la jana. Wiki nyingine napitia Kimilili hadi zile njia za udongo juu ya Kapsokwony, ambazo mvua ikinyesha zinateleza kama sabuni.

Halafu mtu aliyeketi dukani na soda ananiambia huu ni mchezo wa wazungu. Wazungu gani? Boda boda ilizaliwa huku kwetu magharibi, mpakani Busia, na ilikuwa baiskeli kabla haijawa pikipiki. Babu zetu walipeleka mahindi kwa Black Mamba, chuma kizito kisicho na gia. Mtu anayesukuma gunia la kilo 90 kwa pedali hadi sokoni, huyo si mwanariadha? Tatizo ni kwamba hakuna aliyempimia muda.

Mwaka wa 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, zikafurika. Sizichukii. Marafiki zangu wanalisha watoto kwa hizo. Ila tangu hapo baiskeli imekuwa alama ya mtu aliyeachwa nyuma, na hilo ndilo ninalolipinga.

Tazama dharau hiyo inatugharimu nini. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka wa 1985, akafunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, akashinda Tour de France mara nne akiendeshea Uingereza. Siku ya ushindi tukakumbuka kwamba ni "wetu". Sule Kangangi wa Eldoret, nahodha wa Team Amani, alikufa Agosti 2022 akishindana Vermont, Marekani, akiwa na miaka 33. Wengi wetu tulijua jina lake siku ya msiba. Mimi nikiwemo, na bado naona aibu.

Mwezi uliopita lori lilinisukuma mtaroni karibu na Webuye. Nikatoka na kiwiko kimechunika na rimu imepinda. Watu walikuja mbio kunisaidia, Mungu awabariki, lakini ushauri ulikuwa mmoja: "Si ununue tu pikipiki?" Hakuna aliyeuliza kwa nini barabara hiyo haina hata mita moja ya baiskeli, na watoto wa shule wanaipita kila siku na hizo hizo Black Mamba.

Siombi medali, na wala sihitaji pole. Kaunti zikichora barabara mpya, zichore na njia yetu. Zikigawa mipira na jezi, zikumbuke kijana wa Chwele mwenye mapafu ya kupanda Elgon na baiskeli ya kuazima. Na wewe unayesoma hapa kwa simu ndani ya matatu, ukiniona Jumapili nikipanda kutoka Kamukuywa ulimi nje, mwambie dere anipe nafasi.

Rimu nimenyoosha. Jumamosi nateremka tena.