Nasaha za Nyumbani: Mashua Iliyotolewa Majini



Siku moja baada ya sala ya Alasiri, kijana mmoja niliyemsomesha Juzuu Amma alipokuwa mdogo alinijia barazani, hapa Mbamba Bay, pamoja na mama yake. Aliniamkia, nikamwitikia, akaketi, kisha akanyamaza kitambo. Mama ndiye aliyesema: “Maalim, huyu mwanao ataka kununua mashua, nasi tumekuja utuombee dua.”

Nikauliza ni mashua gani. Kijana akajibu kuwa ni mashua ya mbao yenye mashine ya nyuma. Upepo wa kusini uliipindua ikazama, ikatolewa baada ya siku kadhaa, na sasa mwenyewe aiuza kwa nusu ya bei. “Imekwisha pakwa rangi, Maalim,” akasema, “yang’aa kama iliyoshushwa jana.” Fedha za kuinunua zilikuwa malipo ya kahawa ya mjomba wake aliyeko huko juu Mbinga, pamoja na akiba ya mama, aliyoikusanya miaka mingi kwa kuanika na kuuza dagaa.

Nikawaambia: Dua tutaomba, inshaallah, lakini kabla ya dua na tuitazame mashua, kwani hiyo rangi mpya ndiyo iliyonitia shaka. Nami nimeona niyaandike hapa yaliyofuata, kwa kuwa nyumba nyingi za ufukwe wetu huu zaweza kufikiwa na jambo hili hili.

Yafaa kwanza tukumbuke mafundisho tuliyopokea. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta umaji. Akamwuliza mwenye mali habari yake, naye akajibu kuwa mvua iliinyeshea. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kudanganya hayumo katika watu wake. Angalieni, ndugu zangu: kosa la mtu yule halikuwa mvua, wala halikuwa kuuza nafaka iliyolowa. Kosa lake lilikuwa ni kuiweka kavu juu na mbichi chini. Na mashua iliyozama kisha ikapakwa rangi yafanana sana na lundo lile.

Basi ni vema mnunuzi aelewe maji hufanya nini. Watu wengi hudhani kuwa madhara yote hutokea wakati chombo kiko chini ya maji, na kwamba kikitolewa kimeokoka. Sivyo. Chuma kilichomo ndani ya maji matamu kama haya ya Ziwa Nyasa huharibika polepole, kwani hewa huko ni haba. Kikitolewa na kuachwa na unyevu wake, hewa na maji hukutana juu yake, na kutu huanza siku ile ile. Kwa hiyo injini iliyokaa majini siku tatu, kisha ikafunguliwa mara moja, ikasuuzwa, ikakaushwa na kutiwa oili, yaweza kuwa na nafuu kuliko iliyokaa majini saa moja kisha ikalazwa uani wiki nzima.

Tena injini iliyozama huku inazunguka ina hatari yake peke yake. Pistoni hupanda na kukuta maji, na maji hayabanwi kama hewa, basi mkono wa pistoni hupinda. Huenda injini hiyo ikawaka vizuri ufukweni mbele ya mnunuzi, ikaenda siku nyingi, kisha ikakatika katikati ya ziwa siku ya mawimbi. Nazo nyaya za umeme huliwa ndani ya ganda lake, mahali jicho lisipofika.

Ama mbao, zenyewe huvumilia maji, lakini misumari haivumilii, na kalafati hulegea. Mashua ikiburutwa kutoka chini kwa kamba, mataruma huweza kupasuka na mkuku ukapinda. Ikianikwa juani kwa haraka, mbao hupasuka. Na zile boti za faiba, sponji iliyomo ndani yake ikinywa maji huwa nzito, na kile kilichowekwa kuielezesha boti hugeuka mzigo.

Pengine kijana atasema: Mbona Liemba ilizama na ikafanya kazi? Swali hili ni zuri, na jibu lake lina faida kubwa. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ilivunjwa vipande, ikaletwa hadi Dar es Salaam, ikapelekwa Kigoma, na huko ikaunganishwa upya. Mwezi wa Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wenyewe waliizamisha katika Ziwa Tanganyika ili isitekwe na adui. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wao walizipaka injini zake grisi nene, kwa kutaraji kuwa ipo siku itainuliwa. Wabelgiji wakaiinua baada ya vita, lakini mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza wakaiinua mara ya pili mwezi wa Machi 1924, wakaikuta injini ingali yafaa kutengenezwa. Wakashughulika nayo, na ilipofika Mei 1927 ndipo ilipoanza kazi kwa jina la Liemba, ikawabeba watu wa ziwa lile miongo mingi.

Mna mafunzo matatu humo. La kwanza, injini ile ilisalimika kwa kuwa iliandaliwa kabla ya kuzama. Mashua iliyopinduliwa na upepo usiku haikuandaliwa na mtu. La pili, kuinuliwa si kutengenezwa, kwani meli ile ile iliinuliwa ikazama tena. La tatu, baina ya kuinuliwa na kuanza kazi ilipita miaka mitatu, na walioitengeneza walikuwa na serikali nyuma yao. Mwenye kununua mashua kwa fedha za kahawa na dagaa hana hazina ya namna hiyo.

Basi tulikwenda kuitazama, mimi, kijana, mama yake na fundi seremala mmoja mzee wa mashua. Muuzaji alitupokea kwa adabu. Fundi hakuangalia rangi. Aliinama ngamani, akatoa kisu chake, akagusa mbao kila shubiri karibu na mkuku. Penye ubao mzima ncha ilikataa. Penye maungio mawili iliingia bila nguvu. Akakwangua rangi juu ya vichwa vya misumari, na chini yake kulikuwa kwekundu. Kisha akafungua kizibo cha oili ya gia ya mashine, na oili ikatoka nyeupe kama maziwa, nayo ndiyo dalili ya maji.

Hapo nikamwambia muuzaji kwa upole: “Ndugu yangu, tuna maswali matatu. Ilikaa majini siku ngapi? Ilipozama, mashine ilikuwa inazunguka? Na ilipotoka, iliachwa muda gani kabla ya kufunguliwa?” Alitazama chini. Kisha akasema kweli yote: mashine ilikuwa inazunguka, na baada ya kutolewa ililala nyumbani siku tisa kwa kuwa hakuwa na fedha za fundi. Rangi aliipaka kwa kuogopa kwamba akisema hayo hatapata mnunuzi, naye ana watoto, na chombo kile ndicho kilichokuwa riziki yake.

Wasomaji wangu, sikumwona mtu yule kuwa mwovu. Nilimwona masikini aliyepata msiba, akataka kuupitisha kwa masikini mwenzake. Na hivi ndivyo udhalimu mwingi unavyoingia kati yetu, pasipo mtu kukusudia ubaya. Nikamkumbusha habari ya nafaka. Akakubali, na bei ikaanza kuzungumzwa upya. Mwisho kijana alinunua mbao peke yake, kwa thamani ya mbao, na mashine ikabaki kwa mwenyewe aiuze vipuri, huku akieleza hali yake. Gharama ya misumari mipya na kalafati ilikadiriwa na fundi kabla ya fedha kutoka mkononi, na yote yakaandikwa mbele ya mashahidi.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema kuwa mnunuzi akiona aibu iliyokuwako kabla ya kukabidhiwa mali, naye hakuijua, ana haki ya kuirudisha. Bali asichelewe, kwani akiendelea kuitumia hali ya kuwa anajua, haki humponyoka. Lakini haki hiyo humrudishia mtu fedha zake tu. Haimrudishii mama mwanawe aliyezama. Wavuvi wanaopanda katika mashua ya mtu hawakuwako siku ya kuuziana, wala hawakuulizwa. Kwa hiyo anayenunua hanunui kwa ajili ya nafsi yake peke yake.

Basi nawausia hivi. Msinunue chombo kilichozama ikiwa mwenyewe akataa kisifunguliwe. Nendeni na fundi wenu, si fundi wa muuzaji. Ulizeni kwa viongozi wa mwalo kama muuzaji ndiye mwenye mali, kwani aliyekitoa chombo majini hustahiki ujira wa kazi yake, wala hawi mwenye chombo kwa sababu hiyo. Jumlisheni bei pamoja na matengenezo, kisha mlinganishe na bei ya chombo kizima, maana rahisi yavunja upishi. Kikisha tengenezwa, kipelekeni kwa wakaguzi wa TASAC kabla ya kuchukua watu, na kila apandaye awe na jaketi la kuokolea.

Nanyi vijana, msione haya kuuliza mbele ya mtu mzima. Swali la adabu halimvunjii mtu heshima. Nanyi mnaouza, wekeni juu kilicholowa.

Jioni ile mama yule alinikumbusha dua yake. Tukainua mikono, na safari hii muuzaji naye aliitikia Amin.

Wabillahi tawfiiq.