Mcheza Kwao Hutuzwa: Binti wa Meru na Embu Atachezea Wapi?

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Aghalabu methali hii hutajwa kumsifu anayethamini asili yake. Hata hivyo, ndani yake limo sharti ambalo wengi hulipuuza: kabla ya mtu kutuzwa kwao, ni lazima huko kwao kuwe na mahali pa kuchezea.

Mikoa ya mashariki ya Mlima Kenya imewahi kuandaliwa viwanja vya fahari. Sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika katika uwanja wa Kinoru, Meru, mwaka wa 2018, na katika uwanja wa Moi, Embu, mwaka wa 2023. Viwanja vyote viwili vilikarabatiwa, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini hivyo ni viwanja vya kandanda na riadha. Msichana wa Maua au Runyenjes anayetamani kucheza tenisi ataelekea wapi? Katika sehemu hizi, kama ilivyo kwingi nchini, viwanja vya tenisi aghalabu hupatikana nyuma ya malango ya vilabu na ya shule za bweni.

Huenda msomaji akauliza: tenisi ina umuhimu gani kwa binti wa mkulima wa majani chai au miraa? Jibu limo katika maisha ya wasichana watatu.

Wa kwanza ni Naomi Osaka, aliyezaliwa Japani mwaka wa 1997, babake akiwa mzaliwa wa Haiti na mamake Mjapani. Familia hiyo ilihamia Marekani Naomi akiwa na umri wa miaka 3. Babake hakuwa mchezaji wa kulipwa. Aliiga mfano wa baba yao Venus na Serena Williams, akawafunza binti zake katika viwanja vya umma. Naomi alishinda mashindano ya wazi ya Marekani mwaka wa 2018 na 2020, na ya Australia mwaka wa 2019 na 2021. Januari 2019 akawa mchezaji wa kwanza kutoka Asia kushika nafasi ya 1 duniani katika mchezo wa mmoja mmoja.

Wa pili ni Angela Okutoyi, Mkenya aliyezaliwa mwaka wa 2004. Yeye na pacha wake walifiwa na mama wakiwa wachanga, wakalelewa na nyanya yao jijini Nairobi. Kipaji chake kilimpeleka katika vituo vya mafunzo vya Burundi na Moroko. Julai 2022, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alishinda taji la Wimbledon la wasichana katika mchezo wa wawili wawili. Hakuna Mkenya aliyewahi kupata ushindi kama huo kabla yake. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, na Machi 2024 akanyakua dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra.

Wa tatu ni Victoria Mboko wa Kanada, ambaye wazazi wake walitoka Kongo. Yeye na mwenzake Kayla Cross ndio walioshindwa na Okutoyi na Nijkamp katika fainali hiyo ya Wimbledon, seti ya mwisho ikiishia 11-9. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2025, Mboko alitwaa taji la Kanada mjini Montreal. Katika fainali alimshinda nani? Naomi Osaka.

Ni kweli kwamba ushindi wa wawili wawili si kipimo kamili cha mchezaji mmoja. Hata hivyo, ni dhahiri kwamba Mwafrika aliyelelewa na nyanya yake aliweza kusimama wavu kwa wavu na msichana ambaye baadaye angemwangusha mchezaji aliyewahi kushika nafasi ya 1 duniani. Kilichowatofautisha tangu hapo hakiwezi kuelezwa kwa kipaji pekee. Mmoja alikuwa na mashindano na makocha nchini mwake. Mwingine alilazimika kuhama nchi baada ya nchi ili aendelee kucheza. Huyu alituzwa, naam, lakini hakuchezea kwao.

Wapo watakaodai kwamba tenisi ni mchezo wa matajiri, na kwamba kaunti zina mahitaji ya dharura zaidi, kama vile maji na hospitali. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mchezo hubaki kuwa wa matajiri pale ambapo uwanja ni wa matajiri. Uwanja wa tenisi una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97 tu; ni sehemu ndogo mno ya eneo la Kinoru. Isitoshe, Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti jukumu la michezo na vifaa vyake. Kinachohitajika kwanza ni lango kufunguliwa: shule yenye uwanja iwaruhusu watoto wa jirani kuutumia siku za Jumamosi, nayo kaunti igharimie nyavu, mipira na mkufunzi.

Suala hili linawahusu pia wanafunzi wa Kiswahili. Wengi wao watakuwa walimu, na mwalimu wa Kiswahili ndiye afundishaye methali. Darasani ataeleza maana ya mcheza kwao hutuzwa, kisha kengele ya jioni italia. Wakati huo, binti aliyeiandika methali hiyo daftarini atatembea kuelekea nyumbani, akipita nje ya ua wa uwanja mtupu. Mwalimu huyo akiweza kuuomba ufunguo wa lango, atakuwa ameifafanua methali kuliko insha yoyote.