Mvua ni ya Mungu, mfereji ni wa watu



Kwetu Katanga mvua kubwa inaanza mwezi wa 11 na kuendelea mpaka mwezi wa 4. Kila mwaka malalamiko ni yale yale: njia imekuwa matope, mtu anateleza akienda zamu ya asubuhi, giza bado, na anafika kwa munganga badala ya kazini. Wengine wanacheka: "Angeangalia pahali anakanyaga." Mimi nasema: wanaolalamika wana haki. Lakini wanalalamikia kwenye pombe na kwenye bomba la maji, pahali ambapo hakuna anayeandika.

Tuangalie sababu. Udongo wetu mwekundu ukikauka ni mgumu kama tofali. Ukilowa, juu yake unakuwa kama sabuni. Mfereji ukiwa wazi, njia inakauka upesi. Mfereji ukijaa mchanga na takataka, maji yanapita katikati ya njia, yanachimba mashimo na kuyaficha. Mvua ni ya Mungu, lakini mfereji ni wa watu. Katika nchi za baridi njia zinafunikwa na barafu, na hapo wanamwaga chumvi ya kuiyeyusha na mchanga wa kushika kiatu. Pale njia imeachwa bila kumwagiwa kitu, watu wanavunjika na wanadai. Hawaambiwi wangoje jua.

Anayeanguka anatanguliza mkono. Mara nyingi mfupa unavunjika karibu na kiganja. Upande wa kidole gumba kuna mfupa mdogo ambao ni hatari zaidi kwa vijana: ukivunjika, mkono hauonekani kupinda, maumivu yanapungua, na mtu anarudi kushika nyundo. Usipofungwa plasta unaweza kukosa kuunga, na mkono unabaki bila nguvu. Kwa hiyo maumivu ya pale hayakandwi na mafuta. Yanataka picha ya radio. Kidonda chenye matope kioshwe na maji safi na sabuni, na uulize sindano ya tetanosi. Aliyegonga kichwa, akitapika ao akisinzia, apelekwe hospitali mara moja.

Sasa neno la haki. Sheria ya usalama wa jamii ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka wa 2016 inahesabu aksida ya njiani, kati ya nyumba na kazi, kuwa aksida ya kazi. Lakini anayenyamaza leo, kesho atashuhudiwa na nani? Siku ile ile mwambie kapita wako, shika majina ya waliokuona, taja pahali na saa, fika dispansere, na omba iandikwe.

Maandishi hayo yana faida ya pili. Mtu mmoja akilalamika, wanasema ni mzembe. Majina 10 katika daftari, yote ya kona moja, yanaonyesha kwamba kona ndiyo mgonjwa. Hapo shefu wa usalama na wakubwa wa komuni hawawezi kusema hawakujua.

Wengine watauliza: "Tufanye sisi kazi ya komuni?" Mfereji mbele ya mlango wako ni wako, usitupe humo maganda na plastiki. Lakini njia kubwa, daraja na taa ni kazi ya wale wanaopokea kodi, na ndani ya kambi ni kazi ya kampuni. Salongo isifunike uvivu wa wakubwa, na malalamiko yasifunike uvivu wetu.

Mfereji unasafishwa mbele ya mvua, kwa jembe na siku chache tu. Mkono uliovunjika unataka majuma mengi ya plasta, na wakati huo wote watoto wanaendelea kuomba bukari.